Mnyama wa Kuazima

Nimechoka. Naanza na hilo, msomaji, maana ukifika mbele ukakuta nimeitupa sentensi njiani, usiihangaikie kuitafutia falsafa. Nimechoka tu. Kazi yangu ni kutandika mkeka. Kila asubuhi naukung'uta vumbi, nautandaza mbele ya kakakuona, napanga juu yake vitu vya kumuuliza, kisha nasimama pembeni kungoja mnyama atuambie sisi ni nani. Ni kazi ya heshima. Watu wananiamkia kutoka mbali. Lakini mgongo haujui heshima, na mgongo wangu unauma.

Nikueleze ilivyoanza, kabla sijasahau ilianza lini.

Zamani, yaani kabla siku hazijaharibika, kakakuona alionekana mara moja katika miaka mingi. Hatafutwi. Mtu akimkuta porini, huyo ndiye mwokotaji wake, na mwokotaji ana maneno ya kusema kabla hajamgusa: "Nakuazima. Nitakurudisha kabla jua halijatua." Akishayasema anamfunga kwenye shuka, anamleta mjini, na watu wote wanaacha majembe. Mkeka unatandikwa. Juu yake panawekwa kata ya maji, mtama, jembe na kisu. Mnyama anaachwa aende atakako. Akiendea maji, mwaka una mvua. Akiendea mtama, ghala zitajaa. Akiendea jembe, kazi ni nyingi na mapato Mungu ndiye anajua. Akiendea kisu, watu wanaanza kuangaliana. Akishajibu amemaliza, anarudishwa, na hakuna anayemdai zaidi. Mimi nilirithi kutandika mkeka kwa kuwa nilimwoa mwokotaji. Mkeka ni wa nyumba ya mwokotaji, hautandikwi na mwingine.

Maana aliyemkuta huyu wetu ni mke wangu, Nyendo. Alikuwa anakata kuni kwenye kichaka kile pale, ukisimama uwanjani unakiona. Akasema maneno, akamleta. Mnyama akaiendea kata, akachovya ulimi, na kabla Nyendo hajamfunga tena kwenye shuka mvua ikashuka, mvua ya kung'oa mabati, watu wakacheza ngoma kwenye tope mpaka viatu vikapotea. Hapo Mwenyekiti wa Uwanja akasema: "Mvua yote hii, mama, utakwenda naye wapi? Alale hapa. Na wale ambao hawakumwona leo, wamwone kesho." Mwenyekiti ni mtu mwema, sikuambii uongo, ana tumbo kubwa na huruma kubwa. Na nani angempinga? Ulikuwa ni ukarimu. Ubaya mkubwa nilioushuhudia maishani haukuanza na hasira. Ulianza na watu waliotaka jirani naye aone.

Kesho yake walikuja wengi. Lakini nani atoke kwake na watoto, avuke mto, kuja kutazama kitu kilichojikunja? Wakataka aulizwe tena. Akaulizwa. Akaliendea jembe, na hapo siku zikaharibika, kwa sababu swali lile lina mwaka ndani yake. Ukiuliza, mwaka unakuja, haujali kama wa jana umekwisha. Watu walipanda asubuhi, wakapalilia adhuhuri, wakavuna alasiri, na giza lilipoingia wadudu walikuwa wameshamaliza ghala. Siku iliyofuata akakiendea kisu. Vita vilianza watu wakinywa chai na vikaisha kabla ya chakula cha mchana. Makaburi yaliota nyasi jioni ile ile, na waliozikana asubuhi walikuwa wameshasameheana na kuoleana. Unadhani baada ya hapo tuliacha? Tulijenga mabenchi.

Ndiyo, mabenchi, na paa la bati, na kizimba chenye sakafu ya saruji, kwa sababu udongo angeuchimba akaondoka. Nyuma ya kizimba tuliacha mlango wa wavu unaotazama kichaka. Mwenyekiti alisema watu wapate kuona alikotoka, inavutia. Kwa hiyo anakiona. Kila siku anakiona kwao kwa upana wa mlango, na mlango una komeo. Sijui kama mnyama ana kitu kinachoitwa kwao. Nimelifikiria sana hilo, na kila nikilifikiria nagundua ninayemfikiria ni mimi.

Umri wangu siujui. Siku nyingine naamka na ndevu nyeupe na jioni najinyoa ndevu za ujana. Binti yetu Machiya kuna siku hajazaliwa na kuna siku ana wajukuu, tukikutana njiani tunaulizana kwanza nani amwamkie mwenzake. Kuna jioni nilirudi nikamkuta Nyendo amevaa kaniki ya ujane, macho yamevimba. Nikasimama mlangoni. Akanitazama, akasema, "Samahani, ilikuwa ya mwaka wa asubuhi," akaenda kubadili nguo, tukala. Ugali ulikuwa umepoa. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Tunazeeka kwa mkupuo na kurudishwa kwa mkupuo, na kila mara tunaporudishwa kuna kitu kidogo kinabaki huko, na nadhani uchovu ni jina la pengo lake.

Sasa nikuambie kuhusu Chihoma.

Chihoma ndiye msomaji wa majibu. Zamani alikuwa mtangazaji wa mpira, na sauti haijamwacha. Anakaa juu ya kiti kirefu na spika yake, na mnyama akitikisika tu yeye anapaa. "Anainua kichwaaa! Anaangalia mtama, anaangalia kisu, jamani shikeni watoto, anakwenda, anakwenda, kakikosa kisu! Kakikosa!" Watu wanasimama, wanapiga makofi, wanakumbatiana na wasiowajua. Tatizo halikuwa hapo. Tatizo lilikuja mnyama alipoacha kwenda popote. Alijiviringisha akawa tufe la magamba, akabaki hivyo. Mimi nilidhani ndio mwisho, maana mtu asiyejibu anaachwa. Chihoma akakohoa kwenye spika, akasema: "Amejikunja. Kujikunja maana yake ni umoja." Uwanja ukalipuka. Kesho yake akajikunja tena, ikawa maana yake ni subira. Keshokutwa akatetemeka akiwa amejikunja, ikawa ni neema iko njiani inatetemesha ardhi. Nilipojaribu kumwambia kwamba labda mnyama anaogopa, alinicheka bila ubaya. "Mzee mwenzangu," akasema, "asiyejua maana haambiwi maana."

Hili ndilo linaloninyima usingizi, nami nitalisema polepole kwa kuwa sina nguvu ya kulisema mara mbili. Tulimweka kiumbe mahali ambapo kila akifanyacho ni habari zetu. Akienda, ni habari zetu. Asipokwenda, ni habari zetu. Akilia, kama analia, tunasikia utabiri. Mfungwa wa kawaida ana angalau maumivu yake, anaweza kuyashika gizani akasema haya ni yangu. Huyu hata maumivu tulimnyang'anya, tukayageuza kuwa hotuba. Je, kuna kitendo ambacho kiumbe anaweza kukifanya chini ya jicho la mwingine kikabaki chake? Mimi mwenyewe, ninayeandika huku wewe unanitazama, kuna sentensi gani hapa iliyo yangu? Ona, tayari nimeanza kujizungumzia. Ndivyo tulivyo. Mpe mtu mnyama amtazame na baada ya muda mfupi atakuwa anatazama kioo.

Wakati huo huo mnyama alikuwa anakufa.

Kila mtu anajua kakakuona anakula nini. Anakula mchwa na siafu, hata mtoto atakuambia. Lakini kumpa chakula hicho siku ya swali ni kumhonga, jibu linaharibika, na kwa sasa kila siku ni siku ya swali. Watu wakishaondoka nilimpondea yai la kuchemsha kwenye uji, kama Mwenyekiti alivyoelekeza. Alionja kwa ncha ya ulimi, akageuka. Magamba yakaanza kukatika. Nikifagia asubuhi nayakuta sakafuni, na akina mama kwenye benchi la mbele wananiomba wakawafungie watoto shingoni, kinga. Nikawapa. Baadaye nikaacha kuwapa, nikawa nayafukia nyuma ya nyumba. Nyendo akaniona.

"Baba Machiya, jua halijatua," alisema.

"Limetua, mama. Angalia nje, kuku wamelala."

"Limetua kwako. Mimi nilimwambia kabla jua halijatua, na sijamrudisha. Basi kwangu bado ni siku ile ile. Kuni zangu bado ziko kichakani. Unaujua uchovu wa siku moja isiyoisha?"

Nikamwambia Mwenyekiti ameahidi kwamba baada ya sherehe ataachiwa.

"Sherehe gani?"

Sikukumbuka. Nadhani hata Mwenyekiti hakukumbuka. Nyendo akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akajikanda magoti.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema. "Mji mzima uko uchi, na unapiga makofi. Anakufa yule. Atafia mikononi mwangu, kwa neno langu, na Chihoma wenu atatangaza."

"Kwa nini mikononi mwako? Ni mji mzima."

"Mji mzima haukumwambia nitakurudisha. Nilimwambia mimi."

Nilitoka nje nikaenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya choo chetu, nikakibomoa kwa jembe, nikachukua bonge zima, linachemka mchwa. Sitajitia ushujaa. Nilitaka tu mke wangu anyamaze, na nilitaka mnyama ale, na sikujua lipi lilikuwa mbele ya jingine.

Asubuhi nilitandika mkeka kama kawaida. Maji, mtama, jembe, kisu, na katikati nikaliweka lile bonge. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye uzio. Kwa muda tufe lile halikusogea. Kisha pua ikatoka. Kisha jicho, dogo kama punje ya mtama. Akajikunjua taratibu, kama mzee anayenyanyuka kitandani, akasimama kwa miguu ya nyuma, akayumba, akayapita maji, akakipita kisu bila kukiona, akalipasua bonge kwa kucha. Na ule ulimi ukatoka, mrefu, na kuingia, na kutoka. Alikuwa anakula. Nililia. Nalisema wazi, nililia mbele ya watu wote, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo hata siku Machiya alipozaliwa, siku zote alizozaliwa.

"Udongo," alisema Chihoma kwenye spika. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Jamani, ameuendea udongo. Anachimba."

Halafu mtu mmoja akalitamka neno ambalo wote walikuwa nalo mdomoni: "Kaburi."

Ungewaona. Wengine walikimbia, wakakumbuka kwamba kifo hakikimbiwi, wakarudi. Wengine walilala chali palepale kati ya mabenchi, wakafunga macho, wakaanza kungoja mwaka wa kufa uwafikie, kama miaka mingine ilivyokuwa ikifika. Wanandoa waliombana radhi. Mwenyekiti alivua kofia akaiweka kifuani, tumbo likipanda na kushuka. Adhuhuri ikapita. Mama mmoja akafungua jicho akamuuliza mumewe kama alizima moto jikoni. Alasiri ikapita. Hakuna aliyekufa, hata wagonjwa. Mwaka haukuja, na sababu ilikuwa mbele yao, inalamba mchwa wa mwisho kwenye ukucha: mnyama hakujibu chochote. Alikuwa amekula. Nilingoja mtu mmoja tu alione hilo. Mmoja tu angenitosha.

Waliamka wakajifuta vumbi, wakaona haya, na haya ikageuka hasira, kama kawaida yake.

"Umemhonga," Mwenyekiti aliniambia kwa huzuni ya kweli. "Baba Machiya, wewe wa kumhonga? Umeharibu jibu. Sasa itabidi aulizwe tena na tena, kutwa nzima, mpaka hili la udongo lifutike."

"Hatamaliza kutwa nzima, Mwenyekiti. Atakufa."

"Tutamwombea," akasema, na alikuwa anamaanisha.

Wakaninyang'anya mkeka. Lakini kama nilivyokuambia, mkeka hautandikwi na nyumba nyingine, na mwokotaji yupo hai. Basi kesho yake walimwendea Nyendo, Mwenyekiti mwenyewe na Chihoma, wakampigia hodi kwa adabu zote. Nilijua atawafukuza. Akasema, "Nitakuja," akajifunga kanga safi.

Hakunitazama njiani. Uwanja ulijaa kuliko siku zote, kwa maana watu walitaka kuona kifo chao kikifutwa. Mnyama alikuwa amejikunja tena, ubavu mmoja hauna magamba, ngozi inaonekana, inapanda na kushuka kwa shida. Nyendo akautandaza mkeka, akaunyoosha pembe, akavua viatu vyake akaviweka nje ya mkeka. Kisha akasimama.

Watu wakangoja vitu. Mwenyekiti akamwinamia. "Mama, kata iko wapi? Kisu?"

"Sikuleta."

"Sasa atajibu nini?"

"Leo sina swali," akasema Nyendo. Hakupaza sauti, lakini spika ya Chihoma ilikuwa karibu ikayabeba maneno yake mpaka benchi la nyuma. "Nyie mna swali? Mwenye swali aje aliweke mwenyewe, kwa mkono wake, amtazame akiliweka."

Watu walitazamana. Nikaona mmoja ananyanyuka, akaketi. Mwingine alikuwa na mtama kiganjani, akaufumba. Chihoma akakohoa, akapanda kitini. "Mkeka mtupu," akaanza, "mkeka mtupu ndugu zangu maana yake ni uwazi, uwazi wa mioyo, na pia ni ile, ni nafasi, ni nafasi ambayo..." Akaendelea. Nilimwonea huruma. Alilisukuma lile neno juu kama mtu anayesukuma baiskeli yenye pancha mlimani, na kila alipopumzika lilirudi nyuma. Mnyama hakutikisika. Hapakuwa na kitu cha kuendea wala cha kuacha kukiendea. Jua likapanda. Chihoma akanywa maji, akasema nafasi mara nyingine, akanyamaza.

"Mzee Chihoma," akasema mama mmoja wa benchi la mbele, amembeba mtoto mwenye gamba shingoni. "Maana yake hakuna kitu. Shuka chini, upumzike. Na mimi nakwenda kwangu, mgongo umeniuma."

Akanyanyuka. Hakuna aliyemzuia. Wa pembeni yake naye akanyanyuka, akijinyoosha, na nyuma yake wengine, bila kelele wala kupinga chochote, wanatafuta viatu, wanaamsha watoto, wanapiga miayo. Nilikuwa nimengoja miaka yote ile watu wawe na huruma. Waliondoka kwa sababu walichoka. Sikujua kwamba uchovu nao una heshima yake. Mwenyekiti alibaki mpaka mwisho, kofia mkononi, akitaka kusema neno jema. Hakulipata, akaenda. Chihoma alizima spika, waya akauzungushia mkononi vizuri, kama mtu anayejua hataufungua kesho.

Tukabaki sisi, na yeye amejikunja.

Nyendo alipita nyuma ya kizimba, akasikika akihangaika na komeo lenye kutu, mlango ukalia ukafunguka. Kichaka kilikuwa palepale. Hatukuwa na haja ya kumbeba. Nyendo alisema akimbeba sasa atavunjika. Akarudi akasimama karibu yangu. Tukamtazama. Hakusogea. Tukangoja, nikasema moyoni, ondoka basi, mlango wazi, unangoja nini, sogea tuone. Tuone. Nikajisikia nikilisema.

"Geuka, baba Machiya," akasema Nyendo.

"Nini?"

"Wewe ni benchi la mwisho. Na mimi. Geuka."

Alishageuka yeye, ameupa mlango mgongo, mikono ameifumbata tumboni. Nisikufiche: sikutaka. Nilitaka hiki kimoja. Baada ya miaka yote ya asubuhi na jioni niliona nina haki ya kumwona akiinuka, akiuvuka mlango, majani yakimfunika. Nilitaka niwe na hadithi ya kumsimulia Machiya. Ningekuandikia hapa kwa ufundi wote, nawe ungeona, na ungekuwa umeketi pale mbele bila kulipa hata miayo. Shingo yangu ilikuwa nzito kama ya ng'ombe. Niliigeuza.

Mbele yetu kulikuwa na mabenchi matupu. Nilisikia kitu kwenye saruji, kama kucha, au kama jani linalosukumwa na upepo. Halafu sikusikia. Mwanga ukawa wa njano, ukawa mwekundu, kivuli cha paa kikafika miguuni mwetu. Nyendo alikuwa analia bila sauti, mabega tu.

"Ameenda?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. Akanishika mkono kwa nguvu, kama anayejua ninachotaka kufanya. "Na wewe usijue."